Si kila kichwa kinachomuuma mtoto ni malaria

Wazazi wengi wa Kisii na Nyamira wanapotajiwa uvimbe wa ubongo hudhani kwamba huo ni ugonjwa wa wazee, au wa watu wa ng'ambo. La hasha. Katika nchi zinazoweka hesabu kamili za magonjwa, ukiondoa saratani ya damu, hakuna uvimbe unaowapata watoto wengi kuliko ule wa ubongo. Huko hugunduliwa watoto kati ya watatu na watano kila mwaka katika kila watoto 100,000.

Tufanye hesabu kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa kuwa karibu watu wanne kati ya kumi nchini ni watoto wa chini ya miaka 15, tuna watoto 700,000 hivi katika kaunti hizi mbili. Ikiwa watoto wetu hawatofautiani na wa kwingineko, basi watoto kati ya 20 na 35 hupatwa na uvimbe huu kila mwaka kutoka Ogembo hadi Nyansiongo. Jiulize, msomaji, ni wangapi umewahi kusikia kuwa walipelekwa kupasuliwa? Hao wengine wako wapi? Hofu yangu ni kwamba wengi wao huzikwa wakiwa wameandikiwa malaria, homa ya uti wa mgongo au kifafa, na baadhi yao bila kuandikiwa chochote.

Hoja yangu leo ni moja. Vipimo vya kuutambua uvimbe wa ubongo na kuuchunga usirudi vimepiga hatua kubwa mno, na baadhi yake vimefika mpaka mjini Kisii. Kinachomchelewesha mtoto si ukosefu wa mashine peke yake. Ni zile wiki nyingi anazozungushwa kutoka duka moja la dawa hadi jingine kabla mtu yeyote hajakifikiria kichwa chake. Wiki hizo twaweza kuzipunguza, na vifaa vya kuzipunguza si ghali.

TOKA OMOBARI HADI CT

Mkisii si mgeni wa upasuaji wa kichwa. Kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa katika milima hii, tayari palikuwa na mafundi waliojulikana kama ababari, ambao waliweza kuifungua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa taratibu mpaka ukatoboka, bila ubongo wenyewe kuguswa. Wagonjwa wao wengi walikuwa watu waliopigwa au walioanguka, kisha wakasumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Madaktari kutoka nje walistaajabu. Daktari Grounds aliandika juu ya mafundi hao katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka wa 1958, na mwaka wa 1985 kundi la madaktari wakiongozwa na Furnas likachapisha maelezo mengine ya kazi yao.

Sisemi haya ili mtu ampeleke mtoto wake kukwanguliwa kichwa. Hilo ni hatari, na halina msaada wowote kwa uvimbe uliojificha ndani ya ubongo. Nasema haya kwa sababu mbili. Kwanza, omobari aliamini kwamba kichwa kinachouma bila kukoma kina sababu ndani yake, na kwamba sababu hiyo yafaa itafutwe. Imani hiyo ni sahihi mpaka leo, na ndiyo tunayoipoteza tunapomrudisha mtoto nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu kwa mara ya nne. Pili, omobari alikuwa na mikono mahiri lakini hakuwa na njia ya kuona. Alifungua mfupa bila kujua kilichomo.

Njia ya kuona ilipatikana tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, pale mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha kwa mashine ya CT iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, na picha ikauonyesha. Mwaka wa 1979 Hounsfield alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwana wa Afrika Kusini aliyefanya hesabu za msingi za kazi hiyo. CT hutumia eksirei, lakini badala ya picha moja ya mfupa, huukata ubongo vipande vipande kwa picha, kama mkate. Leo kipimo hicho kinapatikana Kisii mjini, na humalizika kwa dakika chache.

DALILI ZINAZODANGANYA

Kwa nini basi watoto wachelewe? Ni kwa sababu uvimbe wa ubongo ni mwongo mkubwa. Hujifanya ugonjwa mwingine.

Karibu nusu ya uvimbe wa ubongo wa watoto huota sehemu ya nyuma na chini ya kichwa, karibu na kisogo. Hapo ndipo panaposimamiwa mizani ya mwili, na hapo ndipo maji ya ubongo yanapopita yakielekea kwenye uti wa mgongo. Uvimbe ukiziba njia hiyo, maji hujaa kichwani kama maji ya mtaro ulioziba. Mtoto akilala usiku kucha shinikizo huzidi, naye huamka asubuhi kichwa kikimuuma na kutapika. Akishatapika hupata nafuu, hunywa chai, na ikifika saa nne yuko uwanjani anacheza. Mama akiona hivyo husema, "Ni minyoo tu," au, "Hataki kwenda shule."

Katika milima yetu malaria hulipuka baada ya mvua za masika, na kila mzazi anaifahamu. Kwa hiyo mtoto anayeumwa kichwa na kutapika hupewa dawa za malaria. Asipopona hupimwa homa ya matumbo kwa kile kipimo cha damu cha Widal, ambacho mara nyingi huonyesha ugonjwa hata pale usipokuwepo, naye huanza dawa nyingine. Baadaye huja dawa za amiba, kisha za minyoo, kisha miwani. Kila hatua ina mantiki yake, na kila hatua hula wiki mbili au tatu.

Dalili za kutiliwa shaka ni hizi. Kutapika kunakorudi kwa zaidi ya wiki mbili, hasa asubuhi na bila kuharisha. Kuumwa kichwa kwa zaidi ya wiki nne, au maumivu yanayomwamsha mtoto usingizini. Kutembea kwa kuyumba, au mtoto aliyekuwa akiruka kamba kuanza kujikwaa kwenye tambarare. Jicho linaloanza kukengeuka, kuona vitu viwili viwili, au uwezo wa kuona kupungua. Kichwa kinachoinamishwa upande mmoja kila wakati. Degedege lisilo na homa. Mwandiko unaoharibika, au mkono unaotetema kwa mtoto aliyekuwa akimsaidia baba yake kusugua sanamu za mawe kule Tabaka bila shida. Mtoto aliyekoma kurefuka, au anayekunywa maji na kukojoa kupita kiasi. Kwa mtoto mchanga, kichwa kinachokua haraka, utosi uliojaa, na macho yanayoelekea chini kama jua linalotua. Tena, mtoto mwenye mabaka sita au zaidi ya rangi ya chai ya maziwa mwilini yafaa apimwe macho kila mwaka, maana kuna ugonjwa wa kurithi wenye alama hizo ambao huambatana na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa jicho.

Dalili moja peke yake mara nyingi si kitu. Dalili mbili zikiandamana, au moja ikiendelea bila kukoma, hapo ndipo pa kuamka.

Alinijia mama mmoja mchuma chai akiwa na mtoto wa kike wa darasa la pili. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi za dawa. "Daktari," aliniambia, "huyu ametibiwa malaria mara tatu, na kila mara vipimo vinasema hana malaria. Sasa nimeletwa na mwalimu." Mwalimu ndiye aliyeona kwamba mtoto huyo, akitumwa ubaoni, hushikilia madawati ili asianguke. Nilimwambia mtoto atembee kwa kuweka kisigino mbele ya vidole, kama anayepita juu ya gogo. Hakufika hatua ya tatu. Nilipoangalia nyuma ya macho yake nikaona mishipa ya fahamu imevimba. Uchunguzi huo wote ulichukua dakika kumi. Siku iliyofuata picha ya CT ilionyesha uvimbe nyuma ya ubongo na maji yaliyojaa. Alipasuliwa Nairobi, naye yu hai na amerudi shuleni, ingawa jicho moja halioni vizuri. Lau angefika miezi miwili mapema, yamkini angeyaona yote mawili.

Tafadhali zingatia ni nani aliyemwokoa. Ni mwalimu, aliyeangalia jinsi mtoto anavyotembea.

MAENDELEO YA KISASA

Wenzetu wa nchi tajiri wamefika mbali. Baada ya CT ilikuja MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu badala ya eksirei, na ambayo waanzilishi wake, Paul Lauterbur na Peter Mansfield, walituzwa Nobel mwaka wa 2003. MRI huonyesha ubongo wa nyuma kwa usafi kuliko CT, na haimwachii mtoto mionzi. Shida yake ni kwamba ni ghali, huchukua muda mrefu, na mtoto mdogo hulazimika kulazwa usingizi ili atulie.

Hatua ya pili ni ya kuutambua uvimbe kwa DNA yake. Zamani daktari wa maabara aliangalia kipande cha uvimbe kwa darubini akaupa jina. Leo tunajua kwamba uvimbe unaofanana chini ya darubini waweza kuwa wa aina mbalimbali kabisa. Ule uitwao medulloblastoma, ambao huwapata sana watoto, sasa umegawanywa katika makundi manne makubwa. Katika kundi moja zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hupona wakipata matibabu kamili, na katika jingine hali huwa ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa toleo la tano la orodha ya uvimbe wa ubongo mwaka wa 2021, liliupa uchunguzi huu wa DNA nafasi kubwa katika kuutaja ugonjwa. Mwaka wa 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza jinsi walivyosoma DNA ya uvimbe wakati mgonjwa angali amelala mezani. Katika operesheni 18 kati ya 25 walipata jibu kwa chini ya dakika 90, na daktari mpasuaji akaweza kujua akate kiasi gani.

Hatua ya tatu inahusu kuuchunga ugonjwa baada ya matibabu. Mwaka wa 2021 watafiti wa hospitali ya watoto ya St. Jude, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima maji ya uti wa mgongo ya watoto waliotibiwa medulloblastoma, wakitafuta vipande vya DNA ya uvimbe. Kwa nusu ya wale ambao ugonjwa uliwarudia baadaye, DNA hiyo ilionekana miezi mitatu au zaidi kabla ya uvimbe kuonekana kwenye MRI.

Haya ni mambo ya kufurahisha. Lakini vipimo hivi vyote vina sharti moja: mtoto awe amefika mezani akiwa hai. Hakuna DNA ya kusomwa kwa mtoto aliyezikwa na jina la malaria. WHO yenyewe husema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye saratani hupona, ilhali katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya watatu kati ya kumi. Shirika hilo lilianzisha mpango mwaka wa 2018 wa kuwafikisha watoto kwenye asilimia 60 ya kupona ifikapo 2030, na aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo, ule unaokua polepole, iliwekwa miongoni mwa saratani sita za kupewa kipaumbele. Ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Uvimbe wa aina hiyo ukiondolewa wote, mara nyingi mtoto hupona kabisa, hata bila mionzi.

UINGEREZA WALIFANYA NINI?

Mtu aweza kudhani kwamba ucheleweshaji ni ugonjwa wa Afrika. Sivyo. Uingereza, yenye mashine za kila aina, iligundua kwamba watoto wake walikuwa wakikaa wiki 14 hivi tangu dalili ya kwanza hadi kugunduliwa. Daktari wa kawaida huko, kama hapa, huenda akamwona mtoto mmoja au wawili wa aina hii katika maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo hawafikirii. Mwaka wa 2011 wakaanzisha kampeni iitwayo HeadSmart. Waligawa kadi ndogo za dalili kwa wazazi, shule na madaktari, wakapanga utaratibu wa nani apigwe picha na lini. Ilipofika 2013 muda ule ulikuwa umeshuka hadi chini ya wiki saba.

Kilichopunguza wiki hizo ni kadi, elimu na utaratibu. Kama karatasi iliweza kufanya hivyo London, kwa nini isifanye hivyo Keroka?

TUANZE NA NINI?

Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya kiwe na kanuni moja iliyobandikwa ukutani: mtoto akirudi mara ya tatu kwa kichwa au kutapika kulekule, na kipimo cha malaria hakionyeshi malaria, asipewe dawa nyingine ya malaria. Apimwe mwendo, macho na kichwa, kisha atumwe mbele. Kipimo cha haraka cha malaria kimekuwa msaada mkubwa, lakini hakina maana ikiwa jibu lake litapuuzwa.

Pili, tupime vichwa. Kwa mtoto mchanga tepu kama ya fundi cherehani yatosha. Kichwa kikipimwa kila anapoletwa kliniki na namba ikaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto, ukuaji usio wa kawaida utaonekana mapema. Si kila kichwa kinachokua haraka kina uvimbe. Katika Afrika Mashariki maji mengi ya kichwani kwa watoto wachanga hutokana na maambukizi, na kazi iliyofanywa na Daktari Benjamin Warf pale Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, imeonyesha dunia kwamba wengi wao waweza kutibiwa hata bila kuwekewa mpira wa kupitisha maji. Wakati utosi bado uko wazi, picha ya ultrasaundi kupitia hapo huonyesha maji hayo, nayo ni ya bei nafuu.

Tatu, kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na kifaa cha kuangalia nyuma ya jicho, na mtu anayejua kukitumia. Mashine hii huingia mfukoni. Tunao matabibu wa macho waliosomea kazi hiyo. Wapewe jukumu la kuwafundisha wenzao. Mtoto mwenye mishipa ya jicho iliyovimba asingoje foleni ya mwezi ujao. Apigwe picha siku hiyo au kesho yake. Wala asidungwe sindano ya mgongo ya kutafuta homa ya uti kabla ya picha, maana shinikizo likishukia chini ghafla laweza kumuua.

Nne, walimu na wahamasishaji wa afya ya jamii wapewe orodha ya dalili nilizozitaja. Wao ndio wanaomwona mtoto akitembea kila siku. Sisi madaktari humwona akiwa ameketi.

Tano, wazazi wasajili watoto wao katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wangali wazima. Kuanza kutafuta namba ya usajili mtoto akiwa ameshapoteza fahamu ni kuchelewa kuliko kuchelewa.

"LAKINI DAKTARI, TUTAWAPIGA PICHA WOTE?"

Wenzangu wa taaluma hii wana pingamizi mbili, nazo ni za haki. Wanasema kwamba watoto wanaoumwa kichwa ni maelfu, na walio na uvimbe ni wachache. Tukiwapeleka wote kwenye CT tutawafilisi wazazi na kuwamwagia watoto mionzi bure. Ni kweli. CT ina mionzi kuliko eksirei ya kawaida, na mwili wa mtoto huathirika zaidi ya wa mtu mzima.

Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi wa mikono na macho kabla ya mashine. Mtoto aliyeumwa kichwa siku mbili, anatembea sawa na macho yake ni safi, haihitaji CT. Aangaliwe tena baada ya wiki. Yule mwenye dalili mbili, au mwenye jicho lililovimba kwa nyuma, picha yake si anasa. Kwa mzazi aliyekwisha kununua dawa mara nne na kulipa nauli mara nne, gharama ya picha moja ya mapema huenda isizidi sana alichokwisha kutumia.

Pingamizi ya pili ni hii: kugundua kuna faida gani ikiwa matibabu yako mbali? Hapa naikumbusha serikali wajibu wake. Mradi wa kituo cha saratani cha Kisii ulikwama kwa miaka mingi kwa ajili ya mizozo, na walioumia si wale waliokuwa wakizozana. Hata hivyo, hali si ile ya zamani, wakati ambapo Hospitali Kuu ya Kenyatta ilikuwa tegemeo la pekee la umma kwa matibabu ya mionzi. Huduma hiyo sasa iko pia Eldoret na Nakuru. Tena, kwa mtoto aliyejaa maji kichwani, operesheni ya kuyapunguza huokoa maisha na macho hata kabla uvimbe wenyewe haujaguswa.

BAADA YA OPERESHENI

Wazazi wengi husherehekea mtoto anaporudi kutoka Nairobi, kisha husahau. Huu ni msiba wa pili. Uvimbe wa ubongo ni kama magugu; waweza kung'oa juu mzizi ukabaki. Kwa kawaida mtoto hupigwa picha siku chache baada ya upasuaji ili ijulikane kilichobaki, kisha kila baada ya miezi michache katika miaka ya mwanzo, halafu kwa nafasi ndefu zaidi. Pamoja na picha, yafaa apimwe urefu, macho, masikio na maendeleo ya shule, kwa kuwa mionzi na baadhi ya dawa huweza kupunguza ukuaji na kusikia hata miaka mingi baadaye.

Je, ni lazima mkulima wa Magombo asafiri kilomita 300 kwenda na nyingine 300 kurudi, kila mara, ili apimwe urefu na macho? Hapana. Kazi hiyo twaweza kuifanya hapa. Hata picha yenyewe, pale mashine ilipo karibu, yaweza kupigwa huku na kutumwa kwa mtandao kwa mtaalamu wa Nairobi. Picha isafiri, mtoto abaki nyumbani. Kinachotakiwa ni daftari moja la watoto hawa katika kaunti zote mbili, na muuguzi mmoja mwenye simu wa kuwauliza wazazi: mbona hamkuja mwezi huu?

NA BIBI WA JIRANI

Kuna jambo moja la mwisho ambalo watu huona haya kulitaja. Mtoto akianguka kifafa, akipotewa na usemi, au akibadilika tabia ghafla, wapo kati yetu wanaomtafuta aliyemroga. Mei 2008 watu 11 waliuawa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee wakauawa eneo la Marani kwa tuhuma kama hizo. Sisemi kwamba vifo hivyo vilitokana na uvimbe wa ubongo wa mtoto yeyote. Nasema kwamba maradhi yasiyo na jina huzaa lawama, na lawama hutafuta mtu mnyonge wa kubebeshwa. Picha inayomwonyesha baba uvimbe kichwani mwa mwanawe humwokoa mtoto. Yaweza pia kumwokoa bibi kizee anayeishi peke yake ng'ambo ya kijito.

Mzazi unayesoma haya, kama nyumbani kwako yuko mtoto anayetapika asubuhi na kucheza saa nne, na imepita wiki ya pili, usinunue dawa nyingine. Mwambie atembee juu ya mstari. Kisha mpeleke kwa tabibu na umwombe, kwa heshima lakini bila kuona haya, amwangalie nyuma ya macho. Kama kituo hicho hakina kifaa, uliza kilicho nacho ni kipi, na uende huko siku hiyo hiyo.